Kabla Hujamlipa Kocha, Dai Orodha Yote ya Bei

Dalali wa nyumba hana mshahara. Miezi inaweza kupita bila kamisheni, na ndipo tangazo linapoingia kwenye simu: semina ya bure, kocha maarufu, siri za kufunga mauzo. Wengi huuliza kama kocha anaijua kazi. Kwangu mimi, la kuulizwa kwanza ni pesa yake inatoka wapi, kwenye nyumba au kwenye masomo. Kesi ya Trump University ya Marekani inalionyesha hilo waziwazi, kwa sababu mahakama iliamuru miongozo ya wauzaji wake itolewe hadharani.

Taasisi hiyo ilianza mwaka 2005. Ilifundisha uwekezaji wa nyumba na ardhi, si udalali wenyewe, lakini mpango wake wa mauzo ndio huohuo wanaokutana nao madalali. Kulikuwa na kikao cha bure cha dakika 90, ambacho kazi yake ilikuwa kuuza semina ya siku 3 kwa dola 1,495. Semina nayo iliuza huduma ya kocha binafsi, na daraja la juu la huduma hiyo lilifika dola 34,995. Wanafunzi walilalamika kwamba walilipia siku 3 wakitarajia elimu kamili, wakaambiwa mambo yenyewe yako kwenye daraja linalofuata.

Miongozo iliyotolewa mwaka 2016 kwa amri ya Jaji Gonzalo Curiel inaeleza hadi joto la ukumbi: lisizidi nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi. Wahudhuriaji walijaza taarifa za fedha zao, na wauzaji wakazitumia kuwapanga kulingana na uwezo wa kila mmoja kulipa. Mwanafunzi alidhani anajieleza kwa mwalimu ili ashauriwe vizuri, kumbe anamwonyesha muuzaji kilichomo mfukoni. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alidai pia kwamba watu walihimizwa kupigia simu kampuni za kadi za mkopo waongezewe kiwango, wakielezwa kuwa fedha hizo ni za kununulia nyumba. Kisha wakashawishiwa kulipia kozi kwa kadi zilezile.

Jina kubwa nalo lilifanya kazi yake. Matangazo yalisema walimu wamechaguliwa na Donald Trump mwenyewe. Alipohojiwa chini ya kiapo, alitajiwa walimu kadhaa akasema hawakumbuki. Baadhi ya wahudhuriaji waliotumaini kukutana naye waliishia kupigwa picha kando ya umbo lake la kadibodi.

Linalonigusa zaidi ni asilimia 98. Hicho ndicho kiwango cha kuridhika kwa wanafunzi ambacho taasisi ilikitangaza ikijitetea, na fomu zenyewe zilikuwepo kweli. Lakini zilijazwa mafunzo yakiendelea au yakiwa ndiyo kwanza yameisha, majina yakiwa juu yake, na baadhi ya wanafunzi walieleza kwamba walisukumwa watoe alama za juu. Mtu aliyetoka kulipa maelfu ya dola, na bado anamhitaji mwalimu wake, ataandika nini? Fomu ya siku hiyo inapima msisimko wa ukumbini. Kama aliuza nyumba mwaka uliofuata, hiyo fomu haina pa kulisema.

Novemba 2016, siku chache baada ya uchaguzi wa urais, Trump alikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi zilizofunguliwa kuhusu taasisi hiyo bila kukiri kosa. Waliohusika walikuwa takriban wanafunzi 6,000.

Sasa turudi kwa dalali mwenye tangazo mkononi. Mwombe kocha orodha ya bei za madaraja yote, kwa maandishi, kabla hujalipia hata la chini. Anayekwambia utajua mbele ya safari, achana naye. Akisema yeye ni wakala wa Kenya, hana budi awe amesajiliwa: Sura ya 533 ya sheria za nchi hiyo inamtaka wakala wa mali isiyohamishika asajiliwe na bodi. Omba namba yake, kisha iulizie bodini wewe mwenyewe.

Halafu tafuta waliofundishwa naye zamani. Usiridhike na wale anaokupa yeye. Waulize wamefunga mauzo mangapi tangu wamalize, na ni somo gani hasa lililowasaidia. Kocha wa kweli atatajwa kwa mambo madogo yanayoshikika: alinifundisha kufanya upekuzi wa hati kabla sijampeleka mteja shambani, alinisimamia nikizungumza na mwenye nyumba kuhusu kamisheni, alinikatalia bei niliyoipandisha akanionyesha nyumba za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani. Wakikosa la kutaja isipokuwa kwamba walitiwa moyo, jibu umeshalipata.

Makocha waaminifu wapo, na dalali mchanga anawahitaji. Hawa hawatakasirika ukiwauliza maswali haya, wala hawatakwambia punguzo linaisha usiku huu. Kwa hiyo nenda kwenye semina ya bure ukipenda, sikiliza, andika. Ila akiba yako usimtajie mtu, na usilipe chochote ukiwa bado ukumbini.