Kapu Lisilovuja

Wahenga wetu walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Hluhluwe nilionyeshwa kapu la kutilia pombe, nalo halivuji.

Hluhluwe ni mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uliozungukwa na mashamba ya mananasi. Wageni hupita hapo wakielekea Hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, iliyotengwa mwaka 1895, ambako faru weupe wa kusini walinusurika walipobaki wachache kabisa duniani. Faru nami niliwaona. Ila asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyokaa chini ya mti, kando ya bibi mmoja wa Kizulu anayesuka. Kila mtu alimwita Gogo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo.

Kapu lenyewe huitwa isichumo. Lina umbo la kibuyu, shingo nyembamba na kifuniko chake. Makuti ni ya ilala, ambao kwetu pwani ni mkoma, ule ule ambao mama zetu huchana miyaa yake. Lakini sisi husuka ukili kwanza, ndipo tukaushona kuwa mkeka. Gogo huanzia katikati ya kitako: kifungu chembamba cha nyasi hukizungushia ukuti, hutoboa mzunguko wa chini kwa shazia, hupitisha, huvuta. Kisha tena.

Nilidhani ufundi uko mkono wa kulia. Kumbe uko wa kushoto. Huo ndio unaopapasa unene wa nyasi na kuongeza unyasi mmoja kabla kifungu hakijakonda, maana kikikonda ukuta huingia ndani. Macho yake wakati huo yalikuwa kwa wajukuu.

Rangi hutoka kwenye mizizi na magome yaliyochemshwa; gome la mng'ongo hutoa waridi iliyopoa. Nakshi ni pembetatu na maumbo ya almasi, na hakuna mchoro wa kufuatisha. Tumbo la kapu likitanuka, mishono huongezeka, naye lazima aigawe ili almasi isiegame na mzunguko ukutane pale ulipoanzia. Mara moja alifumua karibu nusu mzunguko kwa sababu ya mshono mmoja. Nilionyeshwa kosa lile, nikalitazama, sikuliona.

Wala hapakwi lami wala nta. Pombe ikiingia, makuti hunywa, huvimba, hubanana yenyewe. Ndiyo maana mshono uliolegea hausameheki.

Katika eneo jirani la Hlabisa walitoka mabingwa kama Reuben Ndwandwe na Beauty Ngxongo, ambao vikapu vyao vimeingia majumba ya makumbusho. Na jina la Hluhluwe lenyewe latokana na mtambaazi wenye miiba, jamaa ya mpingo wetu, uliotumiwa kusukia vizuizi vya midomo ya ndama wanaoachishwa ziwa.

Kivuli kilipotuhama tulisogeza mkeka. Kapu lilikuwa limepanda mizunguko miwili.