Pointi ya Kwanza ni ya Wawili

Mechi ya tenisi kati ya vyuo vikuu viwili vya Marekani haianzi kwa nyota wa timu kuingia uwanjani peke yake. Huanza jozi tatu kwa mpigo, kwenye viwanja vitatu vilivyopakana, kila jozi ikicheza seti moja tu ya gemu sita. Timu inayoshinda mbili kati ya hizo tatu inapata pointi moja. Baada ya hapo wachezaji sita wa kila upande wanakabiliana mmoja mmoja, na kila ushindi ni pointi. Jumla ni saba. Inayofikisha nne kwanza ndiyo mshindi. Wanaume na wanawake wanatumia utaratibu huo huo.

Hesabu hii inabadilisha sifa za mchezaji anayetafutwa. Ushindi wa namba sita una uzito sawa na wa namba moja. Tena gemu ikifika arobaini kwa arobaini hakuna kuvutana: inachezwa pointi moja ya kuamua, na anayepokea ndiye anayechagua upande. Kocha wa chuo anataka kujua nani hatetemeki kwenye pointi hiyo, na nani anajua pa kusimama wavuni mwenzake anapoanzisha mpira.

Angella Okutoyi wa Kenya alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo. Julai 2022, kwenye fainali ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakashinda taibreki ya mwisho 11-9. Upande wa pili alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alitwaa ubingwa wa Montreal. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushika taji la Grand Slam, na mwaka uliofuata alikuwa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika mjini Accra. Wanaodhani chuo humaliza kipaji waitazame dhahabu hiyo.

Kwa miaka mingi mlango wa ufadhili wa vyuo hivyo umekuwa mpana zaidi kwa wasichana, na wazazi wengi hapa Arusha hawajaambiwa. Sheria ya Marekani ya 1972 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Kwa kuwa futiboli ya Kimarekani peke yake iliruhusiwa ufadhili wa wanaume 85, vyuo vililazimika kusawazisha kwenye michezo mingine. Ndiyo maana timu ya tenisi ya wanawake ya daraja la juu iliruhusiwa ufadhili kamili wa wanane, na ya wanaume nafasi 4.5, ambazo mara nyingi zilikatwakatwa ili wagawane wengi. Kwa mzazi wa mitaa ya Sakina au Njiro, nusu ya ada kwa dola bado ni mzigo usiobebeka. Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kisheria kuhusu michezo ya vyuo vina ukomo wa wachezaji kumi kwa kila timu ya tenisi, na wote wanaweza kufadhiliwa. Sasa kinachoamua ni bajeti ya chuo chenyewe. Mzazi aiulize mapema, tena kwa maandishi.

Kisha kuna suala la hewa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 13. Mpira haukabwi sana angani, na hata ukizungushwa hauzami upesi. Mtoto anaona mipira yake ikitoka nje, anajifunza kubana mkono. Akifika Auburn, ambako mwinuko ni kama mita 200, mipira ile ile inaishia katikati ya kiwanja. Dawa moja ipo kwenye kanuni za kimataifa: kuanzia mita 1,219 upo mpira maalumu wenye mdundo mdogo. Kipimo ni rahisi. Chora ukutani alama ya sentimita 254 na nyingine ya 147, dondosha mpira kutoka ile ya juu. Ukidunda kupita ya chini, huo si mpira wa kufundishia huku.

Hewa hii hii, hata hivyo, inatusaidia kwenye mchezo wa wawili. Mpira unaorudishwa unamfikia haraka aliye wavuni. Anayezoea kuukata hapa atauona unachelewa akishuka pwani au akivuka bahari. Ningependa kuona nusu ya mazoezi ya Jumamosi kwenye viwanja vya klabu ya Gymkhana hapa Arusha ikitengwa kwa jozi, wavulana na wasichana, seti moja moja, na kila arobaini kwa arobaini ikiamuliwa kwa pointi moja.