Kweli Isiyo Uaminifu: Uongo na Udokezi katika The Cruel Prince ya Holly Black

Riwaya ya The Cruel Prince (2018) ya Holly Black, mwandishi wa Marekani, huainishwa kuwa fantasia ya giza kwa vijana kutokana na sumu, mauaji na ukatili uliotanda katika ufalme wa Elfhame. Hata hivyo, giza lake kuu linatokana na kanuni moja ya lugha: viumbe wa ufalme huo, wenye uchawi na maisha marefu, hawawezi kusema uongo.

Jude Duarte, mhusika mkuu, ni binadamu. Alipokuwa na umri wa miaka saba, wazazi wake waliuawa na Madoc, jenerali wa Elfhame, ambaye kisha alimlea yeye na pacha wake, Taryn. Uwezo alio nao Jude na ambao wenyeji hawana ni kusema uongo; ndiyo sababu Mwanamfalme Dain anamfanya jasusi.

Ingedhaniwa kwamba jamii isiyoweza kusema uongo ni jamii ya waaminifu. Riwaya inaikanusha dhana hiyo. Paul Grice alionesha kwamba msikilizaji hufasiri usemi akiamini kuwa msemaji anashirikiana naye, na kwamba maana dokezi huzaliwa na imani hiyo. Wenyeji wa Elfhame wameigeuza imani hiyo kuwa silaha. Locke, kwa mfano, anamwacha Jude aamini kuwa anapendwa, ilhali anakusudia kumwoa Taryn. Hahitaji kutamka uongo. Inatosha kunyamaza pale panapodai maelezo.

Mbinu hiyo inaingia hadi katika usimulizi. Baada ya utangulizi wa nafsi ya tatu, Jude anasimulia kwa nafsi ya kwanza na katika wakati uliopo, kana kwamba hakuna kinachofichwa. Kumbe sehemu muhimu ya mpango wake haisemwi mpaka taji linapotua kichwani mwa Cardan, aliyekwisha kuapa kumtii kwa mwaka mmoja na siku moja. Msomaji hakuambiwa uongo, amenyimwa habari. Jude amekwisha kuwa mwenyeji wa Elfhame kwa lugha yake.

Udhaifu wa riwaya upo kwa Taryn. Naye ni binadamu, naye anachagua ukimya. Lakini ukimya wake unahukumiwa kuwa usaliti, huku wa Jude ukisifika kuwa werevu. Nafsi ya kwanza haimpi nafasi ya kujitetea.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, suala hili ni zito kuliko uteuzi wa jina la viumbe hao. Akiwaita majini atapata uchawi na kupoteza kanuni, kwa kuwa jini wa ngano za Waswahili hafungwi na sharti la kusema kweli. La kulindwa kwanza ni utata wa kauli zao, na Kiswahili kina nyenzo za kuubeba: kauli ya kutendea pekee yatosha kumfanya msemaji aseme kweli na msikilizaji aelewe vingine.