Herufi ya tatu haikukaa bure

Reli ya kutoka Germiston kwenda katikati ya Johannesburg hupita Denver na George Goch, kisha hufika Jeppe. Sisi tunaokaa Jeppestown tunaijua stesheni hiyo kwa kelele na msongamano wake. Mimi kila nikisimama pale nikitazama mashariki humkumbuka mtu mmoja aliyezaliwa mwisho wa njia ile mwaka 1927: Sydney Brenner, mtoto wa fundi viatu aliyehamia Germiston kutoka Lithuania. Akiwa na miaka 15 aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Wits kama tunavyokiita hapa. Alikwenda Oxford kusoma, akarudi Wits katikati ya miaka ya 1950, na katika kipindi hicho akafanya hesabu ambayo naiona kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa katika biolojia yote. Alitumia kalamu, karatasi na orodha fupi ya protini zilizokwisha kusomwa na wengine.

Swali lilikuwa hili. DNA ina herufi nne: A, T, G na C. Protini hujengwa kwa amino asidi 20. Herufi zikisomwa mbili mbili hupatikana maneno 16, hayatoshi. Zikisomwa tatu tatu hupatikana 64, yanatosha na kubaki. Ubishi ulikuwa juu ya namna maneno hayo yanavyopangwa. Mwanafizikia George Gamow alipendekeza mwaka 1954 kwamba maneno yanalaliana kama makuti ya paa, kila kuti likifunika sehemu ya lililotangulia. Katika mfuatano ATGCA, neno la kwanza ni ATG, la pili TGC, la tatu GCA. Wazo lilivutia kwa sababu nafasi kati ya herufi moja ya DNA na inayofuata inakaribiana na nafasi kati ya amino asidi mbili katika mnyororo ulionyooshwa. Kila herufi ingebeba amino asidi moja, na vipimo vingelingana.

Brenner hakuhitaji kujua neno lipi linaita amino asidi ipi. Alitazama majirani. Ikiwa maneno yanalaliana, baada ya ATG lazima lije neno linaloanza na TG, nayo yako manne tu: TGA, TGT, TGG na TGC. Nyuma yake vilevile, manne tu yanayoishia na AT. Kila neno, basi, lina majirani wanne upande huu na wanne upande ule, hata ufanye nini. Sasa chukua protini halisi. Ukikuta amino asidi fulani inafuatwa na nyingine tano za aina tofauti, neno moja haliwezi kuihudumia. Inahitaji angalau mawili. Ikifuatwa na aina 13, inahitaji angalau manne. Frederick Sanger alikuwa amekamilisha mfuatano wa insulini mwaka 1955, na vipande vya protini nyingine vilikuwa vikiendelea kutoka maabara mbalimbali. Brenner alikusanya alichopata, akahesabu majirani wa kila amino asidi, akagawanya kwa nne, akajumlisha. Jumla ya maneno yaliyohitajika ilivuka 64. Yaliyopo ni 64 tu. Kwa hesabu hiyo moja, kila aina ya mfumo wa maneno matatu-matatu yanayolaliana ikaanguka, wa Gamow na wowote ambao mtu angebuni baadaye. Makala ilichapishwa mwaka 1957, Brenner akiwa amekwisha kuhamia Cambridge. Huko, mwaka 1961, yeye na Francis Crick pamoja na wenzao walionyesha kwa virusi vinavyoshambulia bakteria kwamba maneno kweli yana herufi tatu, yakisomwa moja baada ya jingine kutoka mwanzo maalumu. Neno moja kama hilo sasa linaitwa kodoni.

Hesabu ile kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya wazo lililokufa. Mimi naisoma kwa upande wa pili, wa kile ilichokiacha hai. Kama maneno yangelaliana, kubadili herufi moja kungegusa amino asidi tatu kwa mpigo, na mageuko ya viumbe yangetembea yamefungwa miguu. Kwa kuwa hayalaliani, kila neno linasimama peke yake. Na kwa kuwa kodoni 61 zinagawana amino asidi 20 (tatu zilizobaki ni alama za kukomea), amino asidi nyingi zina majina kadhaa. Lusini ina sita, isolusini tatu. Mara nyingi majina hayo yanatofautiana kwa herufi ya tatu pekee, hivyo herufi hiyo inaweza kugeuka na protini ikabaki na amino asidi zilezile.

Kwa muda mrefu mabadiliko ya namna hiyo yaliitwa ya kimya. Lakini tangu mwaka 1980, Richard Grantham na wenzake huko Ufaransa walipolinganisha jeni za viumbe mbalimbali, ilionekana kwamba kila kiumbe kina lahaja yake. Bakteria wa matumboni aitwaye E. coli karibu hatumii kodoni AGA kwa ajinini. Hamira, kinyume chake, inaipenda AGA kuliko zote. Toshimichi Ikemura akaonyesha sababu mojawapo. Ndani ya seli kuna molekuli ndogo za RNA zinazofanya kazi ya upagazi: kila moja inatambua kodoni fulani na kuleta amino asidi yake kwenye ribosomu, mahali protini inapotengenezwa. Wapagazi wa kodoni fulani wakiwa wengi, kazi inakwenda haraka; wakiwa wachache, ribosomu inasubiri. Jeni zinazotoa protini kwa wingi hujaa kodoni zenye wapagazi wengi. Hapo uteuzi wa asili umeweka mkono wake.

Uteuzi hauko peke yake, na hapa kimelea cha malaria kinatufundisha zaidi kuliko bakteria. Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea hicho, Plasmodium falciparum, ilichapishwa tarehe 3 Oktoba 2002, siku nne kabla ya Brenner kutangazwa mshindi wa Nobel kwa kazi nyingine, ya mnyoo mdogo. Ilikutwa kwamba herufi 80.6 kati ya kila 100 za kimelea hicho ni A au T. Mvuto huo wa A na T umeipita herufi ya tatu ukaingia kwenye protini yenyewe. Amino asidi zinazoandikwa kwa A nyingi, yaani laisini na asparajini, zimejaa kupita kiasi. Protini nyingi zina misururu mirefu ya asparajini zinazofuatana, isiyo na umbo la kudumu. Misururu hiyo hupenda kugandamana joto likipanda. Na kimelea hiki kinaishi ndani ya mtu mwenye homa, nyuzi 40 zikija na kuondoka! Kinanusurika kwa kuwa kina protini saidizi zenye nguvu zinazozuia nyingine zisigandamane. Mojawapo, ya kundi la Hsp110, ikizuiwa kufanya kazi, kimelea hakivumilii joto. Hivi ndivyo tabia ya uandishi wa DNA inavyoishia kuwa suala la umbo la protini, na umbo la protini kuwa suala la homa ya mtoto.

Wanaotengeneza chanjo walikutana na jambo hili kwa njia ngumu. Ukichukua jeni ya malaria na kuiweka katika E. coli ili iitoe protini kwa wingi, lahaja hazipatani, na protini hutoka kidogo au hutoka ikiwa bonge lisilofaa. Dawa ya kwanza iliyopendekezwa ilionekana ya wazi: badilisha kila kodoni uweke ile bakteria anayoipenda. Kasi inapanda. Lakini protini huanza kujikunja ingali inatoka kwenye ribosomu, na kasi kubwa mahali pasipostahili huiharibu. Mfinyanzi huliacha tumbo la chungu likauke kidogo kabla ya kupandisha shingo. Akiharakisha, chungu kinabonyea. Mwaka 2008 Evelina Angov na wenzake wa Taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani walieleza njia ninayoiona ya busara zaidi. Mahali kimelea kinapotumia kodoni nadra, hasa katika viungo kati ya sehemu mbili za protini, weka kodoni iliyo nadra kwa E. coli pia; mahali kinapokimbia, weka ya kukimbia. Amino asidi hazikuguswa hata moja. Kilichohamishwa ni mwendo, na protini za malaria walizozijaribu zikapatikana kwa wingi zaidi.

Sitaki kukuza jambo. Chanjo moja iliyotokana na protini MSP1 ya kimelea, iliyotengenezwa ndani ya E. coli, ilijaribiwa kwa watoto 400 huko Kombewa, magharibi mwa Kenya. Kingamwili zilipanda juu sana, na watoto hawakukingwa. Kuipata protini yenye umbo zuri ni hatua moja. Kuchagua protini ambayo mwili ukiitambua malaria inazuilika ni hatua nyingine kabisa.

Mwili wetu nao uko ndani ya habari hii. Jeni ABCB1 hutengeneza pampu inayotoa dawa nje ya seli. Katika nafasi yake ya 3435, watu wengine wana C na wengine T. Kodoni inageuka kutoka ATC kuwa ATT, na zote mbili ni isolusini. Mwaka 2007 Chava Kimchi-Sarfaty na wenzake wa Marekani walionyesha katika maabara kwamba badiliko hilo, likiambatana na mengine ya jeni hiyohiyo, linatoa pampu ya kiasi kilekile lakini yenye umbo tofauti kidogo: kingamwili inayotambua umbo iliishika kwa namna nyingine, na dawa za kuizuia zikaizuia kwa kiwango kingine. Maelezo waliyopendekeza ni ya mwendo, kwamba kodoni isiyotumika sana inabadili muda wa kujikunja. Tafiti za wagonjwa zilizofuata zimetoa majibu yanayopingana kuhusu uzito wake hospitalini. Kwa Wakenya waliopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, nakala 83 kati ya kila 100 za jeni hiyo zilikuwa na C.