Skyrim: saa 140 za kuchuma maua

Msomaji, nianze kwa kukiri. Likizo ya Desemba nilitakiwa niwe naandika sura ya matokeo ya tasnifu yangu ya uzamili. Badala yake nilikuwa nyumbani Misugusugu, nimekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, malori yananguruma kule Barabara ya Morogoro, mimi nakimbizana na majoka. Saa 140. Kompyuta inahesabu, kwa hiyo hata nikitaka kukudanganya siwezi.

Gemu yenyewe ni The Elder Scrolls V: Skyrim, ya kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011. Ni ya zamani, najua. Laptopu yangu nayo ni ya zamani, tunaelewana. Unaanza ukiwa mfungwa kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa, mara joka linashuka linachoma mji, unatoroka. Baada ya hapo hakuna anayekulazimisha kitu. Unaweza kwenda kuokoa dunia. Mimi nilikwenda kuchuma maua.

Kabla ya maua, sifa na lawama za haraka. Siku nzima ya kule ni dakika 72 za kwetu, kwa hiyo unaona jua likizama juu ya theluji mara kadhaa huku wewe umekaa kwenye joto la Kibaha unajipepea na daftari. Hilo peke yake lilinitosha wiki ya kwanza. Lakini mapango yanafanana, sauti za watu ni zile zile zinajirudia, na kila askari unayekutana naye ni kama alishawahi kupigwa mshale wa goti. Halafu gemu haiishi: ukimaliza kazi, inajitungia nyingine, nenda pango fulani ukaue jambazi fulani. Kufikia saa ya 90 nilikuwa nafanya kazi za watu nisiowajua hata majina.

Kilichonishika ni uganga. Kila mmea, uyoga au bawa la kipepeo lina sifa nne, na mwanzoni huzijui. Ukila kidogo, unaijua sifa ya kwanza. Nyingine unazipata kwa kuchanganya: vitu viwili vikiwa na sifa inayofanana, unapata dawa. Visipofanana, umepoteza vyote viwili. Ua la bluu la milimani ukilichanganya na ngano, unapata dawa ya kurudisha afya. Ukishagundua, inaandikwa na haifutiki tena.

Kwa mwanafunzi wa maabara hii ni peponi, jamani. Unabahatisha kwa akili, unajaribu, unapata jibu, na jibu ni lile lile kesho na keshokutwa. Ustadi nao unapanda kwa kutenda; kuna fani 18 na kila moja inakua ukiitumia. Hakuna jasho linalopotea.

Sasa sikiliza nilichokuwa nimekikimbia. Kwa miezi minne nilikuwa napima maji ya majani dhidi ya bakteria kwenye visahani vya maabara. Dawa ikifanya kazi, unaona duara safi ambalo bakteria hawakuota. Jaribio la kwanza nikapata duara zuri, nikapiga picha, nikamtumia mama. La pili, hakuna kitu. La tatu, visahani vikaota ukungu baada ya umeme kukatika mwisho wa wiki. Msimamizi akaniuliza swali moja tu: "Umerudia mara ngapi?"

Jioni moja mama akasimama nyuma yangu akitazama nachanganya. Nikamweleza sheria zote nne-nne zile. Akasema, "Na kipimo chake, mwanangu?"

"Hakuna kipimo, mama."

"Basi hiyo siyo dawa."

Nilicheka, ila lilinikaa. Kwa kweli ndilo kosa kubwa la Skyrim, na sijaona wanaoisifia wakiligusa. Katikati ya vita unasimamisha muda, unakunywa chupa kumi kwa mkupuo, unaendelea kupigana. Panadol tu tunayoinunua dukani, ukiizidisha inaua ini. Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, alishafundisha kwamba kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo. Na usidhani ni ndoto ya wacheza gemu peke yao: mwaka huo huo wa 2011, nikiwa shule ya msingi, nchi nzima ilikuwa inazungumzia Samunge kwa Babu wa Loliondo, ambako kikombe kimoja cha shilingi 500 kilisemwa kinatibu kisukari, kansa na Ukimwi.

Kitu cha pili gemu isichokijua ni namna ya kuandaa. Mmea wake una sifa nne basi, hata uufanye nini. Tu Youyou wa China na wenzake walipokuwa wanatafuta dawa ya malaria, walishawahi kuupima mmea wa artemisia, ukaonyesha matumaini, kisha matokeo yakagoma kurudiwa. Yeye akarudi kwenye kitabu cha kale cha Ge Hong, akaona maelekezo ya kuloweka na kukamua, bila kuchemsha. Akahisi joto ndilo linaloharibu, akakamua kwa etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Nobeli ikaja 2015.

Na dawa ya mseto tunayomeza hapa Tanzania tangu mwishoni mwa 2006 inavunja sheria ya Skyrim kabisa. Kule vitu vinaungana kwa sababu vinafanana. Artemetha na lumefantrini zimewekwa pamoja kwa sababu hazifanani: ya kwanza inapiga haraka na kutoka mwilini ndani ya saa chache, ya pili inabaki siku kadhaa inamalizia vimelea vilivyosalia.

Je, uicheze? Ndiyo, ila weka kengele ya simu. Ina uzuri wake, na imenikumbusha kwa nini nilipenda sayansi nikiwa mdogo. Mimi Januari nilirudi chuoni, nikafungua daftari langu la maabara. Jaribio la kwanza, lile la picha, nilikuwa sikuandika popote majani niliyakausha kwa nyuzi ngapi. Nimeanza upya, safari hii nusu kivulini na nusu kwenye oveni. Visahani 12 viko ndani tangu jana, na umeme bado upo.