Pongezi kwa Makarani wa Ofisi za Watoto, Meru na Embu

Husifiwa hakimu atoaye hukumu, na afisa wa watoto aliyemwokoa mtoto, na wazee wa Njuri Ncheke, ambao tangu zamani wamesuluhisha magomvi ya Wameru. Lakini karani, ambaye pasipo kalamu yake shauri la mtoto haliwezi kusonga mbele, ni nadra kutajwa.

Mtazame kazini. Bibi mmoja ametoka Mbeere na mjukuu wake yatima, mkononi ana barua ya chifu, na jina la mtoto limeandikwa hivi katika barua na vingine katika kadi ya kliniki. Karani humpisha kitini, humsikiliza kwa Kimbeere pasi na haraka, kisha hulinganisha majina herufi kwa herufi, kwa kuwa kosa dogo hapo laweza kukichelewesha cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hicho mtoto hupata taabu hata kusajiliwa kwa mitihani ya shule. Ndipo huandika rejista, hulipatia faili nambari, na kulifungia kabatini. Siri iliyomo ni amana, na hata jamaa akiidadisi kwa nia njema hujibiwa kwa adabu kwamba haitolewi.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoshika mahali pa ile ya 2001, imeuzidisha wajibu wa ofisi hizi, na kumbukumbu sasa huingizwa katika kompyuta vilevile. Nawapa makarani hawa heko kwa dhati, nami naona ni haki yao kuongezewa wasaidizi.