UTI si uti wa mgongo: vifupisho vya hospitali vinavyotupoteza

Msomaji, kabla hujaendelea, chukua karatasi uandike herufi hizi tatu: UTI. Sasa zisome kama mtu ambaye hajawahi kukaa darasa la Kiingereza. Umesoma nini?

Jirani yetu mmoja hapa Nsemulwa alisoma "uti". Nipo nyumbani Mpanda kwa wiki kadhaa namalizia kuchambua data zangu, na mtaani wakishajua kwamba unasoma mambo ya magonjwa, basi kila cheti kitaletwa kwako. Bibi huyu alikuja jioni na daftari la mjukuu wake wa miaka minne. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, huu uti wa mtoto unapona kweli?" Dawa alikuwa nayo tangu juzi yake, hajampa mtoto hata mara moja. Aliambiwa ni ya mkojo, na yeye anajua mtoto anaumwa mgongo. Alishatafuta mteja wa gunia la mpunga apate nauli ya kwenda hospitali kubwa.

Usicheke. Bibi alisoma Kiswahili sawasawa. Uti ni neno letu la siku nyingi, na homa ya uti wa mgongo inaogopwa kila mahali, kwa sababu za haki kabisa: inaua haraka. Kilichoandikwa kwenye daftari lakini ni maambukizi ya njia ya mkojo. U ni ya mkojo, T ni ya njia, I ni ya maambukizi, ila kwa Kiingereza. Mara nyingi ni bakteria wa kwenye utumbo, Escherichia coli, aliyeingia asipotakiwa. Yanatibika, lakini yakiachwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na kwa mtoto mdogo hilo si jambo la kusubiri siku mbili. Kwa hiyo kifupisho kile kilikaribia kumuumiza mtoto ambaye ugonjwa wake ulishatambuliwa na dawa ilishatolewa. Mganga alifanya kazi yake yote, isipokuwa kuandika neno moja: mkojo.

Sisi watu wa sayansi tuna tabia ya kuona vifupisho kama vitu visivyo na mtunzi, eti vipo tu kama mvua. Mimi naona tuvikosoe kama tunavyokosoa kazi nyingine yoyote ya maneno.

Chukua UKIMWI. Hii ni kazi nzuri, na aliyeitunga alikuwa na sikio. Hakuchukua herufi za kwanza peke yake, maana angepata UKM, kitu kisichotamkika. Alichukua vipande: U ya upungufu, KI ya kinga, MWI ya mwilini. Ukalitamka kama neno la kawaida, na ukilifungua unakuta maelezo ya ugonjwa kwa lugha ambayo bibi anaielewa. (Nimejaribu kufanya hivyo kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Nilipata MANJIMKO. Sikushauri uitumie mbele za watu.)

Lakini mtoto wa UKIMWI, yaani VVU, ndiye mwenye kasoro kubwa. Virusi vya UKIMWI: kifupisho ndani ya kifupisho. Mwaka 1986 wataalamu wa kimataifa walipokubaliana virusi hivi viitwe HIV, ndani ya herufi hizo waliweka binadamu, upungufu wa kinga na virusi. Jina la UKIMWI halimo. Ni kweli Waingereza nao walizoea kusema virusi vya UKIMWI, ila walikuja kuacha. Sisi tulibaki nacho. Matokeo yake, huwezi kumwambia mtu ana VVU bila kulitaja neno UKIMWI, hata kama CD4 zake ziko juu, anakunywa ARV kila siku na virusi havionekani kwenye kipimo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzeeka bila kufika hatua ya UKIMWI kabisa, wala haambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kitaalamu ni vitu viwili tofauti. Kiswahili chetu kinavifunga kamba moja, halafu tunaandaa semina kuwaeleza watu kwamba ni viwili! Na sasa kuna WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ile U ya mwisho, ukiifungua, ni UKIMWI mzima umekaa humo. Jina lililokusudiwa kumpa mtu heshima limembebesha hatua ambayo huenda hajaifikia na hataifikia.

Malale ina kasoro ya aina hiyohiyo, ingawa hapo hakuna kifupisho. Huku kwetu kwenye ndorobo, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jina hilo wengi wanalijua. Linatokana na kulala. Lakini ugonjwa unaanza kwa homa, kichwa na maumivu ya viungo, ungeapa ni malaria. Usingizi kuvurugika, mtu kusinzia mchana na kukesha usiku, ni dalili ya baadaye, vimelea vikishafika kwenye ubongo. Anayesubiri kulala ndipo ashuku malale amechelewa.

Turudi kwa bibi. Nilimweleza, nikaandika "mkojo" kwa kalamu chini ya UTI, akaenda kumpa mtoto dawa. Kesho yake akarudi na swali lingine, na hili sikuwa na jibu la mkato: jirani amemwambia mtoto huenda ana "UTI sugu". Sugu ipi? Mtaani wanamaanisha inayojirudia. Maabara wakisema sugu wanamaanisha bakteria hasikii dawa, ile ambayo Wizara ya Afya inaiita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Inayojirudia unatafuta chanzo chake. Isiyosikia dawa unaotesha mkojo maabara ujue dawa ipi bado inafanya kazi. Neno ni lilelile, na ukilichanganya unaishia duka la dawa kununua antibiotiki kali zaidi, ambayo ndiyo njia fupi ya kuupata huo usugu wa pili. Ukiambiwa una UTI sugu, mwulize aliyekwambia anamaanisha upi.